Kabati la pamoja na funguo zake: funzo la London

Mchana wa Ijumaa, tarehe 12 Mei mwaka 2017, kazi katika hospitali kubwa za mashariki mwa London ilivurugika ghafla kwa maradhi ambayo madaktari hawakufundishwa kuyatibu.

Kwenye skrini za kompyuta lilitokea tangazo jekundu. Lilisema kuwa mafaili yamefungwa kwa msimbo, na kwamba anayetaka kuyafungua alipe dola 300 za Marekani kwa sarafu ya mtandaoni ya Bitcoin. Akichelewa siku tatu, malipo yangekuwa maradufu. Akizidi kuchelewa, mafaili yangepotea kabisa.

Katika hospitali zilizo chini ya taasisi ya Barts Health, ikiwemo Royal London iliyopo Whitechapel, wahudumu walirudi kwenye kalamu na karatasi. Magari ya kubebea wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine. Watu waliokuwa wamepangiwa matibabu waliambiwa warudi nyumbani wakasubiri tarehe mpya.

Programu hiyo haribifu ilipewa jina la WannaCry. Katika muda wa siku chache iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 kwenye nchi zipatazo 150.

Saa za mwanzo wengi walidhani kuwa mfanyakazi fulani alikuwa amefungua barua pepe ya mtu asiyemfahamu. Haikuwa hivyo. WannaCry ilipita kwenye njia ambayo wafanyakazi wa ofisi huitumia kila siku bila hata kujua jina lake, nayo ni njia inayoziwezesha kompyuta za mahali pamoja kutumia mafaili kwa pamoja.

Msikilizaji aliyewahi kufanya kazi katika ofisi yenye kompyuta zaidi ya moja anaifahamu njia hiyo. Karani anaandika ripoti mezani kwake, mhasibu anaifungua akiwa ghorofa nyingine, na mkuu wa idara anaisahihisha bila karatasi kutembezwa. Mafaili yamewekwa kwenye kompyuta moja inayozihudumia nyingine, yaani seva, na kila mwenye ruhusa huyaona kana kwamba yamo ndani ya kompyuta yake mwenyewe. Ni mfano wa kabati moja lililofunguliwa milango mingi.

Historia ya kabati hilo imezunguka swali moja: nani abebe mzigo wa kulilinda? Je, ni mtumiaji wa kawaida, ambaye kazi yake ni kutibu, kufundisha au kuweka hesabu? Au ni wale wanaolitengeneza na kulisimamia? London ina sehemu kubwa katika historia hiyo, na jibu lilichukua zaidi ya miaka 40 kukubalika.

Lango la kwanza

Swali lenyewe lilizuka mara tu watu wengi walipoanza kutumia kompyuta moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, kompyuta moja kubwa iliwahudumia watafiti wengi kwa zamu fupi sana, na kila mmoja alitaka mafaili yake yasiguswe na mwenzake. Wakapewa maneno ya siri.

Lakini maneno hayo yote yalihifadhiwa katika faili moja ndani ya kompyuta hiyo hiyo. Mwaka 1962 mtafiti mmoja aliyetaka muda zaidi wa kazi alilichapisha faili hilo, akajipatia maneno ya siri ya wenzake wote.

Dawa ilipatikana katika Chuo Kikuu cha Cambridge, kaskazini mwa London. Roger Needham na wenzake waliamua kuwa kompyuta isihifadhi neno la siri lenyewe, bali alama inayotokana nalo kwa hesabu ambayo haiwezi kurudishwa nyuma. Mwizi akiiba faili, anakuta alama tu. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtumiaji hakutakiwa kujifunza lolote jipya. Aliandika neno lake kama kawaida, na kinga ikafanya kazi bila yeye kuiona.

Mwaka 1973 tatizo lilivuka bahari. Profesa Peter Kirstein wa chuo kikuu cha University College London, maarufu kwa jina la UCL, alikuwa akijaribu kuiunganisha London na ARPANET, mtandao wa majaribio uliofadhiliwa na wizara ya ulinzi ya Marekani na ambao ndio mzazi wa intaneti.

Fedha zilikuwa haba. Donald Davies wa maabara ya taifa ya NPL huko Teddington, kusini magharibi mwa London, alimpatia pauni 5,000. Davies ni mmoja wa waasisi wa wazo la kusafirisha taarifa zikiwa zimegawanywa katika pakiti ndogo ndogo. Shirika la posta lilitoa laini ya kwenda Norway bila malipo kwa mwaka mmoja. Mtambo wenyewe ulipowasili kutoka Marekani ulizuiliwa katika uwanja wa ndege wa Heathrow kwa sababu ya ushuru.

Hatimaye, Julai mwaka huo, London iliunganishwa. Watafiti wa Marekani waliweza kuifikia kompyuta kubwa ya maabara ya Rutherford nchini Uingereza, na wenzao wa Uingereza wakazifikia zile za Marekani.

Kirstein alitambua kuwa lango la namna hiyo lingewavutia hata wasiohusika, na kwamba wakubwa serikalini wangeuliza nani analitumia. Akaweka sharti la neno la siri kwa wanaopita kwenye lango la London. Huko Marekani kwenyewe, sehemu nyingi za kuingilia kwenye mtandao huo zilikuwa wazi kwa yeyote aliyejua namba ya simu ya kupiga.

Desemba mwaka huo huo Bob Metcalfe, mhandisi anayefahamika kwa kubuni mfumo wa Ethernet, aliwaandikia wenzake onyo. Alieleza kuwa wasimamizi wa kompyuta walikuwa wamezoea kuzilinda kwa kufunga mlango wa chumba, ilhali sasa mtu aliyeko mbali aliweza kuingia. Wengine, alisema, walitumia maneno ya siri ambayo ni rahisi kuyabuni. Tayari wanafunzi wa sekondari walikuwa wamefanikiwa kulipata neno la siri la usimamizi wa kompyuta mojawapo.

Mtandao huo ulibaki kuwa wa watu wachache. Tarehe 26 Machi mwaka 1976 Malkia Elizabeth wa Pili alituma ujumbe kwa njia hiyo alipotembelea kituo cha utafiti cha Malvern, naye Kirstein ndiye aliyemwandalia jina la kutumia: HME2. Mkuu wa nchi alikuwa miongoni mwa watumiaji wa barua pepe miaka mingi kabla ya raia wake wengi kuigusa kompyuta.

Kabati laingia ofisini

Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo zilianza kukaa juu ya meza za ofisi, lakini kila moja ilikuwa kisiwa. Aliyetaka kumpa mwenzake faili alibeba diski mkononi.

Mwaka 1983 Barry Feigenbaum wa kampuni ya IBM alianza kutengeneza utaratibu wa kuiwezesha kompyuta moja kuyafungua mafaili yaliyo kwenye nyingine. Utaratibu huo ulikuja kujulikana kwa herufi SMB. Mwaka uliofuata kampuni ya Sun Microsystems, nayo ya Marekani, ilikuja na wa kwake, NFS. Katika miaka hiyo hiyo watafiti wa Uingereza huko Cambridge na Newcastle walikuwa na majaribio yao ya kuziunganisha kompyuta nyingi zionekane kama moja.

Mifumo hii ilizaliwa katika mazingira ya watu wanaofahamiana. Ule wa Sun, kwa mfano, katika sura yake ya kwanza uliamini tu maelezo ya kompyuta iliyoomba faili kuhusu mtu aliyekuwa akiitumia. Alikuwa bawabu anayeuliza jina la mgeni bila kudai kitambulisho.

Kisha kabati likafika kwa watu wa kawaida. Kuanzia mwaka 1992 kampuni ya Microsoft iliuingiza utaratibu wa SMB katika toleo la Windows lililokusudiwa ofisi ndogo, na baadaye katika kila kompyuta yenye Windows. Mtu aliweza kuifungua folda yake kwa wenzake kwa kubonyeza mara chache tu. Urahisi huo ulikuwa wa kweli, na kazi nyingi zilisonga mbele kwa sababu yake.

Lakini mwishoni mwa muongo huo kompyuta zile zile zilianza kuunganishwa na intaneti usiku na mchana. Folda iliyofunguliwa kwa ajili ya ndugu aliye chumba cha pili iliweza kuonekana na mtu asiyejulikana aliye mji mwingine. Mwenye kompyuta hakufanya kosa lolote. Hakujua kuwa mlango upo, sembuse kwamba u wazi.

Ilichukua hadi Agosti mwaka 2004 kwa Microsoft kutoa marekebisho ya Windows XP yaliyowasha ukuta wa kinga bila mtumiaji kuombwa afanye hivyo. Hiyo ilikuwa dalili ya fikra mpya, na fikra hiyo ilikuwa imekwisha kuelezwa London miaka mitano kabla.

Nani mwenye kosa?

Kwa muda mrefu wataalamu wa usalama wa kompyuta waliliona tatizo kuwa ni mtumiaji. Mtumiaji huchagua neno la siri jepesi. Huliandika kwenye karatasi na kuibandika kando ya skrini. Humpa mwenzake akienda likizo. Jawabu lao lilikuwa kuongeza masharti: neno liwe refu, liwe na namba na alama, libadilishwe kila baada ya siku kadhaa.

Katika UCL, chuo kile kile cha Kirstein, watafiti wawili walifanya jambo ambalo halikuwa la kawaida katika fani hiyo. Anne Adams na Angela Sasse waliamua kuwauliza watumiaji wenyewe. Walikusanya majibu 139 ya maswali na kufanya mahojiano ya kina na watu 30 wa mashirika mawili.

Matokeo yao yalichapishwa Desemba mwaka 1999, katika makala ambayo kichwa chake chenyewe kilitangaza kuwa watumiaji si maadui.

Adams na Sasse waligundua kuwa watu hawakuwa wazembe kwa hulka. Walikuwa wamelemewa. Mfanyakazi mmoja alitakiwa kukumbuka maneno ya siri mengi, kila moja na masharti yake, na kila moja likiwa na tarehe yake ya kubadilishwa. Kichwa cha binadamu kina mipaka. Waliolazimishwa kubadilisha mara kwa mara waliandika karatasini, au walichukua neno lile lile wakaongeza namba moja mbele kila mwezi. Kwa hiyo sheria iliyokusudiwa kuongeza usalama iliupunguza.

Waligundua pia kuwa idara za usalama ziliwaficha watumiaji habari. Mtu ambaye hakuambiwa hatari iko wapi alijitungia maelezo yake mwenyewe, mara nyingi akidhani kuwa mafaili anayoyashughulikia hayana thamani kwa mwizi. Tena baadhi ya masharti yaligongana na namna kazi inavyofanyika kweli: watu wanaoshirikiana katika kazi moja walitengewa funguo kana kwamba kila mmoja anafanya kazi peke yake.

Hitimisho lao lilikuwa kwamba mfumo wa usalama hauna budi kuundwa ukilingana na kazi na uwezo wa anayeutumia. Usipolingana, atatafuta njia ya kuukwepa, si kwa ubaya, bali kwa sababu kazi lazima iishe.

Siku 59

Wazo hilo lilinukuliwa sana vyuoni, lakini ofisini lilipenya polepole. Gharama ya kuchelewa ilionekana katika mwaka wa WannaCry.

Tarehe 14 Machi mwaka 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika toleo la kwanza la SMB, utaratibu ambao asili yake ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Tarehe 14 Aprili kundi lililojiita Shadow Brokers lilianika mtandaoni zana ya kuupenya ufa huo, zana ambayo iliripotiwa sana kuwa iliibwa kutoka shirika la ujasusi la Marekani, NSA. Tarehe 12 Mei ikaja WannaCry. Tangu kiraka kutolewa hadi shambulio zilikuwa zimepita siku 59.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hospitali za Uingereza zilijenga. Ripoti ya ofisi ya taifa ya ukaguzi iliyotolewa Oktoba mwaka huo ilisema kuwa taasisi za hospitali zisizopungua 81 kati ya 236 za England ziliathirika, pamoja na zahanati 595 za madaktari wa familia. Ilikadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Baadaye wizara ya afya ilikadiria gharama kuwa pauni milioni 92.

Shambulio lilipunguzwa makali jioni ile ile. Marcus Hutchins, kijana wa miaka 22 aliyekuwa Devon, kusini magharibi mwa England, alisajili anwani ya mtandaoni ambayo WannaCry ilikuwa ikiitafuta kila ilipoingia katika kompyuta. Ilipoipata, iliacha kuendelea. Desemba mwaka huo serikali za Uingereza na Marekani ziliilaumu Korea Kaskazini, ambayo ilikanusha.

Wakaguzi hawakumlaumu muuguzi wala karani. Walisema taasisi zote zilizoambukizwa zilikuwa na udhaifu wa aina moja, ambao ungeweza kuzibwa kwa hatua rahisi. Kompyuta nyingi kati ya zilizoathirika zilitumia Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikitengenezewa viraka, hazikuwekewa tu. Kabla ya shambulio, taasisi 88 zilikuwa zimekaguliwa kuhusu usalama wa mitandao yao, na hakuna hata moja iliyofaulu.

Hapakuwa na neno la siri, refu au fupi, ambalo mfanyakazi wa Whitechapel angelichagua siku ile likaizuia WannaCry.

Mzigo wabadilisha mabega

Mabadiliko yalikuwa yamekwisha kuanza. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa sayansi ya usalama wa mtandao ilianzishwa UCL, ikiongozwa na Profesa Sasse na kufadhiliwa kwa sehemu na shirika la serikali la GCHQ. Septemba mwaka 2015 wataalamu wa serikali walitoa mwongozo uliozishauri ofisi ziache kuwalazimisha wafanyakazi kubadilisha maneno ya siri kila baada ya muda.

Februari mwaka 2017, miezi mitatu kabla ya WannaCry, Malkia Elizabeth alifungua rasmi makao ya kituo cha taifa cha usalama wa mtandao, NCSC, katika eneo la Victoria mjini London. Kituo hicho kikawa kinawashauri wananchi watumie maneno matatu ya kawaida yasiyohusiana, wayaunganishe, na waruhusiwe kuyahifadhi mahali salama badala ya kuyakariri.

Huko Marekani, Bill Burr, aliyeandika mwaka 2003 kanuni zilizosambaza duniani desturi ya namba, alama na kubadilisha neno kila mara, alikiri mwaka 2017 kuwa anajutia sehemu kubwa ya ushauri huo. Oktoba mwaka huo Microsoft iliacha kuliweka toleo la kwanza la SMB katika Windows 10 mpya. Kuanzia Aprili mwaka 2024 sheria ya Uingereza ilipiga marufuku kuwauzia wananchi vifaa vya mtandaoni vyenye maneno ya siri ya kiwandani yaliyo rahisi kukisia.

Hatua hizo zina kitu kimoja kinachozifananisha. Mzigo uliokuwa begani mwa mtumiaji umehamishiwa kwa mtengenezaji, muuzaji na msimamizi.

Funzo hilo halikomei kwenye mto Thames. Tangu kebo ya SEACOM ilipotua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, shule, benki na hospitali za Afrika Mashariki zimezidi kuunganisha kabati zao na dunia. Penye kompyuta kuukuu na programu isiyopata viraka, ufa ni ule ule. Mambo matatu ambayo wasimamizi hushauriwa kuyafanya hayamhitaji mtumiaji kuwa mtaalamu: viraka viwekwe bila kusubiri, mlango wa SMB, yaani namba 445, usionekane kutoka intaneti, na nakala ya akiba ya mafaili ihifadhiwe mahali ambapo kompyuta za kila siku haziwezi kuifuta.

London yenyewe haijamaliza somo. Juni mwaka 2024 wadukuzi waliivamia kampuni ya Synnovis inayopima damu kwa ajili ya hospitali kadhaa za kusini mwa mji huo. Maelfu ya miadi yaliahirishwa, na wenye damu ya kundi O waliombwa kujitokeza kuchangia. Mwaka mmoja baadaye taasisi ya hospitali za King's College ilithibitisha kuwa kucheleweshwa kwa majibu ya kipimo cha damu kulikotokana na uvamizi huo kulikuwa miongoni mwa sababu zilizochangia kifo cha mgonjwa mmoja.

Kila asubuhi, Whitechapel kama ilivyo Muhimbili, muuguzi hukaa mbele ya kompyuta akiwa na foleni mlangoni. Anachohitaji ni faili la mgonjwa. Ikiwa njia salama ya kulifungua ni ngumu kuliko isiyo salama, utafiti wa mwaka 1999 ulikwisha eleza atafuata ipi.